Kukandika Jino Upya: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Madini Kwenye Dentini Iliyolainika

Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili, na gego lake la chini lilikuwa na shimo la kuingia punje ya mahindi. Halikuwa likimuuma. Lilikuwa likizizima tu akinywa maji ya baridi, kisha linatulia. Nilikwangua kama nilivyofundishwa: mpaka kijiko cha kukwangulia kisikie ugumu kila upande, mpaka sakafu ya shimo ing'ae. Nilipokuwa najipongeza kimoyomoyo kwa usafi wa shimo lile, tone la damu likachungulia katikati ya sakafu. Nilikuwa nimekifikia kiini, ile sehemu ya ndani ya jino yenye neva na damu. Jino lililoingia chumbani kwangu likiwa hai lilitoka likiwa na safari ndefu ya matibabu ya mizizi, na mzigo wa gharama ukamwangukia mama yake.

Leo jino lile nisingelikwangua vile. Ningeacha kipande cha dentini laini, yaani ile sehemu ya jino iliyo chini ya ganda la nje, pale chini, makusudi, nikakifunika vizuri, nikakipa vifaa vya kujijenga. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo hatua kwa hatua. Nimeuandika kwa ajili ya matabibu na madaktari wa meno wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, hasa wale ambao umeme hukatika katikati ya kazi. Mgonjwa akiusoma ili ajue cha kumuuliza daktari wake, ni vyema pia. Ila asijaribu lolote kati ya haya nyumbani.

Nyumba ya fito na udongo

Anayetaka kuielewa dentini aitazame nyumba ya kukandika. Unasimamisha miti, unafunga fito, kisha unajaza udongo katikati na juu yake. Fito peke yake hupinda, na udongo peke yake huporomoka. Vikishikana, nyumba husimama miaka.

Fito za dentini ni nyuzi za kolajeni. Udongo wake ni madini ya kalsiamu na fosfeti, yaani haidroksiapataiti. Kwa uzito, dentini ni madini kiasi cha asilimia 70, kolajeni na protini nyingine asilimia 20, na maji asilimia 10. Enameli, lile ganda la nje linalong'aa, ni madini karibu asilimia 96 na haina fito kabisa. Ndiyo maana enameli ikishatoboka haiwezi kukandikwa upya, maana hakuna pa kushikiza udongo. Dentini ina bahati hiyo, mradi fito zake bado zimesimama.

Bakteria wanapokula sukari hutoa asidi. Enameli huanza kuyeyuka pH, yaani kipimo cha asidi kinachoshuka asidi ikizidi, ikifika karibu 5.5, lakini dentini huanza kupoteza madini mapema zaidi, pH ikiwa bado juu ya 6. Kwa hiyo shimo dogo juu linaweza kuficha pango kubwa chini. Mvua ya asidi huosha udongo kwanza. Fito hubaki uchi, na zikikaa uchi muda mrefu huja mchwa: vimeng'enya vya bakteria na vya dentini yenyewe vinavyoikata kolajeni vipande vipande.

Mjapani Takao Fusayama na wenzake wa Tokyo ndio walioonyesha, katika miaka ya 1960 na 1970, kwamba dentini iliyooza ina tabaka mbili zisizofanana. Tabaka la nje limeliwa na mchwa: kolajeni imeharibika, bakteria wamejaa, na halitapona hata ulipake nini. Tabaka la ndani limepoteza sehemu ya udongo tu. Fito zimesimama, bakteria ni wachache, na punje ndogo za madini bado zimeng'ang'ania humo. Punje hizo ni mbegu, na fuwele mpya huota juu yake. Kazi yetu yote iko hapo: kuondoa la nje, kuliokoa la ndani.

Kuna jambo moja ambalo matangazo ya dawa huwa hayalisemi. Madini yakirudi juu ya nyuzi tu, bila kuingia ndani yake, umepiga lipu kwenye ukuta usio na udongo. Picha ya eksirei itaonyesha weupe, lakini ukuta bado unapinda. Nyuzi ya kolajeni ina nafasi ndogo ndani yake, kama nanomita 40 kwa urefu, zinazojirudia kila nanomita 67. Madini yaliyojificha kwenye nafasi hizo ndiyo yanayoipa dentini ugumu wake halisi. Watafiti wanaopima dentini kwa sindano ndogo mno, ikiwa imelowa kama ilivyo kinywani, wameona kwamba wingi wa madini na ugumu haviendi sambamba kila mara. Kwa hiyo ukisikia bidhaa “inaongeza madini”, uliza: inayaongeza wapi?

Hatua ya kwanza: chagua jino, usichague dawa

Msikilize mgonjwa kabla hujashika kioo. Jino linalozizima kwa baridi au tamu na kutulia mara moja linafaa. Jino linalopwita lenyewe usiku na kumwamsha mtu, linalouma ukiligonga kidogo kwa mpini wa kioo, lenye kipele cha usaha kwenye fizi, au linalocheza bila sababu ya ugonjwa wa fizi, halifai. Kiini chake kimekwisha au kinakaribia kwisha, na kurudisha madini juu ya kiini kilichokufa ni kukandika nyumba ambayo miti yake ya msingi imeoza.

Kama una eksirei, piga. Tazama uozo umefika theluthi ipi ya unene wa dentini. Ukiwa umeingia theluthi ya ndani kabisa, jino hilo ni la kushughulikiwa kwa upole wa pekee. Vifereji vya dentini karibu na kiini ni vipana, kama mikroni 2.5, na vimesongamana, hata 45,000 kwa milimita moja ya mraba. Karibu na enameli ni vyembamba zaidi na havifiki nusu ya idadi hiyo. Kadiri unavyoshuka, ndivyo kila unachoweka hapo kinavyofika kwenye kiini haraka.

Huna eksirei? Fanya kazi. Njia ya kutibu meno kwa vifaa vya mkono bila mashine ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken alipokuwa akifundisha udaktari wa meno Dar es Salaam, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia tarehe 7 Aprili 1994. Haikuwa njia ya maskini ya kungojea mashine zifike. Baadaye nchi zenye mashine zilizojaa vyumba ziliichukua zikaitumia.

Usiiamini rangi. Kwenye miteremko ya Meru na sehemu nyingi za Arusha watu wengi wana meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi nyingi kwenye maji ya kunywa, na nimeona kijana amepigiwa mahesabu ya mashimo manne ambayo hayakuwepo. Kinyume chake, uozo unaokwenda mbio mara nyingi ni wa rangi ya krimu, haumtishi mtu, nao ndio mbaya. Dentini nyeusi, kavu na ngumu huwa imeshajitibu. Rangi ni shahidi wa uongo. Uamini mkono.

Hatua ya pili: panga meza kabla mgonjwa hajafungua kinywa

Hapa sitakaa sana, ila joto ni adui. Unga wa glasi ayonoma, nyenzo yetu ya kujazia, hunyonya unyevu wa pwani chupa ikiachwa wazi, na mchanganyiko hukauka kabla hujaufikisha kinywani. Funga chupa kila mara. Poza kioo cha kuchanganyia, kisha kifute kikauke kabisa, maana tone la umande tu huharibu kipimo. Weka tayari roli za pamba, vijiko vya kukwangulia vya ukubwa wa aina mbili au tatu, patasi ya kufungulia enameli, mkanda wa chuma na kabari kwa mashimo ya kati ya meno, na mafuta ya mgando.

Zungumza na mgonjwa pia. Wengi huamini jino lina mdudu, na watataka kuhakikishiwa.

“Daktari, umemtoa mdudu wote?”

“Mama, mdudu hayupo. Kilichokuwepo ni uchafu na asidi, na uchafu nimeuondoa. Chini kabisa nimeacha kitu laini kidogo kwa makusudi, kwa sababu kitapona chenyewe kikifunikwa.”

“Mh. Na kisipopona?”

“Utaniona. Ndiyo maana nakupa tarehe ya kurudi.”

Mwambie hivyo kabla, siyo baada. Akisikia kwa mwingine kwamba “uliacha uozo”, utakuwa umempoteza.

Hatua ya tatu: fungua na safisha kingo kwanza

Zungushia roli za pamba, au kitambaa cha mpira kama kipo. Vunja enameli iliyobaki hewani bila dentini chini yake, mpaka kijiko kiingie bila kubanwa.

Sasa anzia kingoni, usianzie sakafuni. Kosa la wengi ni kushuka moja kwa moja kwenye uozo ulio wazi mbele yao. Zunguka mpaka wa enameli na dentini pande zote mpaka ubaki ukingo safi na mgumu. Ukingo huo ndio utakaoshika kifuniko. Ukiuacha laini, mate yatapenya, bakteria watapata sukari, na kila unachofanya chini ni bure. Kijiko kikubwa ni salama kuliko kidogo hapa, maana kidogo hutoboa.

Hatua ya nne: sakafu, na somo la nazi

Mwaka 2016 jopo la kimataifa la wataalamu wa uozo wa meno lilichapisha makubaliano yanayogawa dentini kwa namna inavyohisiwa mkononi: laini, ya ngozi, imara, na ngumu. Wanafunzi wangu huyasahau maneno hayo baada ya wiki moja. Nazi hawaisahau.

Dafu: unabonyeza kijiko, nyama inabonyea, na kuichota hakuhitaji nguvu. Hiyo ni dentini laini, yenye maji.

Koroma: haibonyei tena, lakini ukiingiza kijiko inabanduka vipande bila shida kubwa. Hiyo ni dentini ya ngozi.

Nazi iliyokomaa: inakataa, lazima ukaze mkono. Hiyo ni dentini imara.

Kifuu: kijiko kinateleza na kulia kwaru kwaru. Hiyo ni dentini ngumu, nzima.

Kwenye kingo fika kifuu. Kwenye sakafu ya shimo la kina kidogo au cha wastani, simama kwenye nazi iliyokomaa. Koroma iondoe, kwa kuwa kiini kiko mbali. Kwenye shimo la kina kirefu, lililokaribia kiini, simama mapema zaidi. Chota dafu linalotoka lenyewe kiasi cha kupata nafasi ya kujaza, acha koroma, na hata dafu kidogo likibaki katikati juu ya kiini, liache. Utasikia mkono ukiwasha, ukitaka kumalizia. Huo ndio wakati niliomtoboa yule mtoto.

Kuna wanaopendelea kufunga kwa muda, kisha kufungua tena baada ya miezi 6 hadi 12 na kukwangua kilichobaki. Njia hiyo inakubalika kwa meno ya kudumu, na imetufundisha mengi, kwa sababu waliofungua walikuta sakafu imekuwa nyeusi zaidi, kavu zaidi, ngumu zaidi. Mimi siipendi kwa wagonjwa wanaotoka mbali. Mtu aliyepanda bodaboda na basi mawili kufika kwako harudi kufunguliwa jino lisilouma, na kila kufungua upya ni nafasi nyingine ya kutoboa kiini. Fanya mara moja, funga vizuri.

Hatua ya tano: andaa dentini, usiichome

Chovya kipamba kwenye asidi ya poliakriliki ya asilimia 10, paka shimo zima kwa sekunde 10 hadi 15, suuza kwa kipamba cha maji mara mbili au tatu, kausha kwa pamba kavu. Dentini ibaki na mng'ao wa unyevu. Usiipulizie hewa mpaka ikauke kama chaki, kwa kuwa nyuzi za kolajeni zikikauka hulala chini kama fito zilizoanguka, na madini hayapati pa kuingia.

Asidi ya fosforiki ya asilimia 37, ile ya bluu tunayotumia kwa kompoziti (kujazia kwa rangi ya jino kunakoshikizwa kwa gundi), usiipake kwenye dentini unayotaka ijirudishie madini. Itaosha zile mbegu za mwisho ulizozihifadhi kwa jasho.

Klorheksidini, dawa ya kuua bakteria, ya asilimia 2 ina wapenzi wake, kwa sababu huzuia vile vimeng'enya vinavyokata kolajeni. Ukiwa nayo, itumie na uisuuze. Usipokuwa nayo, usikose usingizi.

Hatua ya sita: chagua nyenzo

Hapa ndipo maduka ya vifaa yanapokupigia simu. Nitasema ninavyoziona, kwa mpangilio wa manufaa, siyo wa bei.

Glasi ayonoma nzito ndiyo farasi wetu. Alan Wilson na Brian Kent waliitangaza London mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni unga wa glasi yenye kalsiamu au strontiamu, aluminiamu na floraidi, unaochanganywa na asidi ya poliakriliki. Huikamata dentini kwa mshiko wa kikemia bila gundi, na ikiwa kwenye unyevu huachia ayoni, yaani chembe ndogo za madini zenye chaji. Watafiti walipokata meno yaliyojazwa kwa glasi yenye strontiamu walikuta strontiamu na floraidi zimezama ndani ya dentini iliyolainika chini yake. Strontiamu ni shahidi mzuri, kwa sababu jino halina kiasi hicho chake lenyewe, kwa hiyo iliyokutwa pale imetoka kwenye kujazia. Haiachii fosfeti nyingi, na pengine ndiyo maana kiini hai ni sharti: kalsiamu na fosfeti nyingine hupanda na majimaji kupitia vifereji kutoka chini. Udongo unakuja kutoka pande mbili.

Silikati za kalsiamu ni ndugu wa saruji ya Portland. Mahmoud Torabinejad na wenzake wa Loma Linda, California, ndio walioziingiza kwenye meno mwaka 1993 kwa ile inayoitwa MTA. Baadaye ikaja Biodentine, inayokauka kwa dakika kama 12 badala ya zaidi ya saa mbili za MTA ya kwanza. Zikilowa huzaa haidroksidi ya kalsiamu, pH hupanda hadi karibu 12, bakteria hushindwa kuishi, na kiini huchochewa kujenga dentini mpya upande wake. Hizi nazitumia ninapoona sakafu imekuwa nyembamba mno, au kiini kimeguswa kwa bahati mbaya na damu ikasimama. Ni ghali. Na kwa kuwa nimeshaulizwa zaidi ya mara moja: hapana, saruji ya mfuko wa dukani haifai, hata kama ni ndugu. Haijasafishwa na hujui kilichomo.

Haidroksidi ya kalsiamu, ile ya mirija miwili tuliyoizoea, ilifanya kazi yake zamani. Tatizo lake ni kwamba ni dhaifu na huyeyuka taratibu chini ya kujazia, ikaacha pango. Kuitandaza kwenye sakafu nzima kunaiziba glasi ayonoma isiiguse dentini. Ukiitumia, iwe tone dogo juu ya kiini tu.

Glasi hai, iliyobuniwa na Larry Hench huko Florida mwaka 1969 kwa ajili ya mifupa, ni unga wa silika asilimia 45, pamoja na sodiamu, kalsiamu na fosforasi. Ipo kwenye dawa za meno za kuondoa mzizimo, huziba midomo ya vifereji. Ndani ya shimo lenye uozo, bado sijaona sababu ya kuiacha glasi ayonoma kwa ajili yake. Krimu ya protini ya maziwa, iliyotoka kwa Eric Reynolds na wenzake Melbourne, hubeba kalsiamu na fosfeti zisizoganda. Inafaa madoa meupe ya enameli na mizizi iliyo wazi, na usimpe mwenye mzio wa maziwa.

Kinachonisisimua zaidi hakijafika dukani. Laurie Gower wa Florida alionyesha kwamba ukiongeza asidi ya poliaspatiki kwenye maji ya kalsiamu na fosfeti, madini hayagandi upesi. Hubaki kama matone mororo yanayopenya ndani ya nyuzi za kolajeni, kisha yanageuka fuwele humo humo. Asidi ile inaiga kazi ya protini ambazo jino lenyewe hutumia likikua. Hiyo ndiyo njia ya kuusukuma udongo katikati ya fito. Kwa sasa ni kazi ya maabara zaidi kuliko ya kiti cha mgonjwa.

Hatua ya saba: changanya, bonyeza, funga

Tikisa chupa ya unga, chota kijiko kimoja, kisawazishe. Simamisha chupa ya majimaji wima na udondoshe tone moja lisilo na povu. Tone la kwanza likiwa na hewa, litupe. Gawa unga mafungu mawili. Ingiza la kwanza, changanya kwa sekunde 10, ingiza la pili, umalize ndani ya sekunde 30 kwa jumla. Usiongeze tone ili kulainisha. Mchanganyiko mwepesi ni mtamu kuutumia, lakini hupasuka.

Ujaze ungali unang'aa. Mng'ao ukipotea maana yake asidi imeshashikana na unga na haitaishika dentini. Utupe, uanze upya, ijapokuwa moyo unauma. Nimewahi kujaza kilichokwisha mng'ao kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na mgonjwa alirudi nacho mkononi, kimefungwa kwenye karatasi.

Sukumia kwenye pembe kwanza, jaza kupita kiasi kidogo, paka mafuta ya mgando kwenye kidole cha glavu, bonyeza kwa nguvu mpaka kianze kukataa, kisha toa kidole kwa kukitelezesha pembeni, usikinyanyue. Kata ziada. Mwambie mgonjwa aume karatasi ya rangi, punguza panapogusa juu. Paka mafuta au vanishi tena, maana maji yakiingia mapema huidhoofisha. Asile kwa saa moja.

Ukiwa umetumia silikati, ifunike. Biodentine inaweza kukaa kama kujazia hadi miezi 6, kisha ipunguzwe juu na kuwekewa kompoziti.

Jino lisilozibika

Mtoto wa miaka mitatu anayepiga mateke, au mzee aliyelala kitandani mwenye mizizi iliyoliwa pembeni: hapo tumia fedha daiamini floraidi, dawa ya maji ya kupaka, ya asilimia 38. Ina floraidi kiasi cha sehemu 44,800 kwa milioni. Fedha huua bakteria na kuzuia wakata kolajeni, floraidi hurudisha madini, na dentini hugeuka ngumu na nyeusi tii. Shirika la Afya Duniani liliiweka, pamoja na glasi ayonoma, kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021.

Paka mafuta midomo na fizi. Kausha jino. Chovya kibrashi kwenye tone moja, linatosha hadi meno matano, paka kwa dakika moja, futa ziada. Rudia baada ya miezi 6. Usiitumie kwa mwenye mzio wa fedha wala kwenye vidonda vya fizi, na usiitumie kwa jino lenye dalili za kiini kilichokufa. Mwonyeshe mzazi picha ya jino jeusi kabla, siyo kumwelezea tu. Na vaa aproni. Shati langu jeupe la mwisho bado lina doa kifuani.

Nyumbani

Dawa ya meno yenye floraidi, sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, mara mbili kwa siku. Ateme, asisukutue kwa maji mengi. Mswaki wa mti ni mzuri kwa kusugua, ila hauna kiasi hicho cha floraidi, kwa hiyo apakie dawa juu yake. Kuhusu sukari, usipoteze muda kumkataza. Muulize mara ngapi. Kikombe kimoja cha chai tamu na chakula si sawa na kikombe kimoja kinachonywewa kidogo kidogo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Vivyo hivyo kwa anayetafuna miraa usiku kucha na kuteremsha uchungu kwa soda: kinywa kimekauka, sukari inakuja kila dakika, na madini yanatoka haraka kuliko unavyoweza kuyarudisha.

Ufuatiliaji, na neno la kwenye kadi

Mwite baada ya miezi 3 au 6, kisha kila mwaka. Uliza kuhusu maumivu ya usiku. Jaribu baridi, jino hai lizizime na kutulia. Kagua kingo, kwa sababu kushindwa huanzia hapo mara nyingi zaidi kuliko sakafuni. Kwenye eksirei kivuli kinaweza kupungua, lakini kumbuka kwamba glasi yenye strontiamu hung'aa kwenye picha, na mng'ao huo si lazima uwe dentini iliyopona. Kivuli kisichokua, kwa jino lisilouma na lenye kingo zilizofungwa, kinatosha.

Sasa kadi. Andika kwa herufi zinazosomeka: jino lipi, tarehe, nyenzo gani, na maneno haya: “Dentini laini imeachwa makusudi juu ya kiini. Usifungue kwa sababu ya kivuli peke yake.” Mpe mgonjwa nakala, maana mwaka kesho huenda akawa Mwanza wakati wewe uko Tanga, mbele ya tabibu kijana mwenye picha mkononi na mashine inayozunguka.